Pipi Iliyojaa Kisahani

Mlango wa ofisi ya Mwalimu Athanasi Mbawala ulikuwa na maandishi ya aina mbili. Chini, kwa rangi ya mafuta ya buluu, palisomeka MKUU WA SHULE. Juu yake, kwenye mbao tupu, palisomeka KAIMU, kwa chaki. Fundi Leo, aliyeandika mlango ule, alitaka kuyapaka yote rangi akakatazwa. Athanasi alimwambia kuwa ukaimu wenyewe ni wa wiki mbili tatu tu, hakuna haja ya kuupotezea rangi. Huo ulikuwa mwaka wa tisini. Mwaka wa tisini na nne ukaingia chaki ingali pale, na kila Jumatatu asubuhi aliikoleza mwenyewe.

Msidhani alikuwa anaichukia chaki ile. Paa lilipovuja, wazazi wakaja juu, alitoka nje akawaonyesha mlango kwa kidole, akasema yeye anakaimu tu, waende wakawaulize wakubwa. Madawati yalipokosekana, alionyesha mlango. Mpishi alipotoroka na sufuria kubwa, alionyesha mlango. Ila alipokuja mgeni wa maana, mgeni wa gari, Athanasi alikuwa na namna yake ya kuegemea mlango akimkaribisha, na mgeni alipoketi kitini KAIMU ilikuwa imehamia kwenye mkono wa koti la Athanasi. Hivyo ndivyo mtu mzima mwenye ndevu alivyoishi miaka minne: lawama zinaishia kwenye chaki, heshima zinaingia ndani.

Hata hivyo alikuwa akiumia. Mkewe alijua. Kila barua ya serikali iliyomwita kaimu aliisoma mara mbili, mara ya pili akiliruka neno lile. Alikuwa na miaka arobaini na sita, na wenzake aliosoma nao ualimu walikuwa wakuu wa shule kwelikweli huko Mbinga na Iringa. Alichokitaka duniani ni neno moja lifutike, na lisifutwe na koti.

Shule yenyewe haina haja ya kutajwa. Ilikuwa moja ya zile sekondari za kutwa zilizoota Songea miaka ile ya ruksa, wazazi walipoambiwa kuwa wakitaka shule wajenge wenyewe, nao wakajenga. Maabara ilikuwa nusu ya ghala la zamani la ushirika. Ushirika ulikuwa umelala chali siku nyingi, lakini harufu ya tumbaku ilikataa kuondoka, na kila aliyesoma biolojia mle ndani alitoka akinuka kama babu yake.

Mtunzaji wa maabara alikuwa Mama Walburga Nchimbi, mjane mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Vyeti hakuwa navyo. Alikuwa na kisu, mizani, na miaka ishirini ya kuandaa majaribio katika shule tatu. Kila mwaka, lilipofika somo la osmosisi, aliagiza viazi mviringo vya Madaba, akavikata vipande vinavyolingana, kimoja akakilaza kwenye maji matupu na cha pili kwenye maji ya chumvi. Kesho yake wanafunzi waliviminya kwa vidole. Cha maji matupu kilikuwa kimekaza na kimenona. Cha chumvi kilikuwa kimelegea kama sikio la mbwa. Hapo hata mtoto mzito aliona kwamba maji yamehama, yameingia huku na yametoka kule, na kwamba chumvi ndiyo iliyoyavuta.

Athanasi hakuvipenda viazi. Alizaliwa Madaba. Kilichomlipia ada mpaka akawa mwalimu ni viazi, gunia baada ya gunia, na alipopata suti alijiapiza kwamba hatavigusa tena isipokuwa vimekaangwa. Ndipo wakampeleka Morogoro kwenye semina ya walimu wa sayansi, na huko mzungu mmoja akawaonyesha osmosisi kwa pipi. Zilikuwa pipi laini za jeli, zinazobonyea, umbo la wanyama. Ukiitia kwenye maji usiku mmoja, asubuhi unakuta mnyama amevimba mara mbili. Ya maji ya chumvi inabaki ndogo. Athanasi alipewa mbili. Moja aliitumbukiza kwenye glasi chumbani kwake akaiona kwa macho yake, ya pili akaila ndani ya basi kabla hawajafika Makambako.

Alirudi Songea mtu mwingine. Dunia imefunguka, aliwaambia walimu wenzake. Maduka yamejaa, nchi imeruhusu kila kitu, halafu Mama Walburga bado anamenya viazi kama tuko kwenye foleni ya sabuni. Mama Walburga alimsikiliza hadi mwisho, akamuuliza kama hizo pipi zinapatikana. Athanasi akasema siku hizi hakuna kisichopatikana.

Mwezi wa tano ikaja barua. Mkaguzi wa shule angefika Songea wiki ya pili ya Juni, angekagua shule, na angehudhuria kipindi kimoja cha kaimu mkuu ili kupendekeza kama athibitishwe au la. Athanasi aliisoma mara mbili, na safari hii hakuliruka neno lolote. Aliikunja, akaitia mfuko wa shati upande wa moyo, akatangaza kwamba kipindi kitakuwa Biolojia, kidato cha nne, osmosisi kwa njia ya kisasa.

Sasa kuna jambo ambalo kila aliyewahi kusoma hapa nchini analijua, na kila mwalimu analikana: somo la mkaguzi halifundishwi siku ya mkaguzi. Linafundishwa wiki nne kabla, kila siku, mpaka liive. Na Athanasi katika hilo alikuwa na kipaji kuliko wote, kwa sababu Jumapili alikuwa mwalimu wa kwaya parokiani. Alilifundisha darasa kama kwaya. Mkono wake wa kulia ukipanda, wote arobaini na wawili waseme kwa Kiingereza kwamba pipi ya kwanza imevimba. Mkono wa kushoto ukishuka, waseme ya pili imesinyaa. Kiingereza chenyewe wengi wao walikuwa nacho kama bibi zao walivyokuwa na Kilatini cha misa: wanaitikia vizuri, wanapiga magoti panapostahili, maana yake anaijua padri.

Mazoezi yale yalifanyika kwa visahani vitupu. Pipi zilikuwa hazijanunuliwa, na hata zingekuwepo Athanasi asingezitoa, maana wanafunzi wangezila. Basi wiki nne nzima vijana wazima waliinamia kisahani kisicho na kitu, wakakitazama kwa makini, wakasema kimevimba. Mwanzoni walicheka. Wiki ya pili waliacha kucheka. Wiki ya nne hawakuinama tena.

Wiki ileile ya nne Athanasi alikwenda mjini kwa Marcelino. Huyu alikuwa na duka karibu na soko kuu, na tangu bidhaa ziruhusiwe alikuwa amejaza kila kitu: redio, mafuta ya nywele, biskuti za Dubai, saa za ukutani zenye picha ya maporomoko ya maji. Alikuwa na sifa moja, kwamba hajawahi kumwambia mteja hakuna. Athanasi alieleza pipi anayoitaka. Marcelino akashusha mtungi wa pipi nyekundu za duara, ngumu, zinazong'aa. Athanasi aliibonyeza moja, haikubonyea. Akauliza kama zinavimba.

"Zinavimba sana, mwalimu," Marcelino alisema. "Ila uzipe muda."

Athanasi akazinunua. Ugumu ulimtia shaka kidogo, lakini alijiambia kuwa zile za Morogoro labda zililegezwa na joto la Morogoro, na Songea ni baridi. Ndivyo akili inavyofanya kazi mtu anapokuwa na barua mfuko wa shati.

Mama Walburga alipoziona alizigonga kwenye kaunta, zikalia. Alimwomba mwalimu ajaribu moja kwanza, leo, kabla ya Alhamisi ya mkaguzi. Athanasi akamjibu kwamba kulijaribu jaribio ni kulitilia shaka. Jibu hilo lilimpendeza mno, akalirudia kwa walimu wawili ofisini. Mama Walburga hakubishana. Alichukua pipi moja, akaitia kwenye maji, akafagia maabara, akapanga chupa, na alipogeuka kulikuwa na maji mekundu tu. Jumatano alimfuata mlangoni, chini ya lile neno la chaki.

"Mwalimu, imeyeyuka," alisema. "Hiyo ni sukari tupu. Haina ngozi ya kuyazuia maji. Viazi ninavyo, debe zima, vimeshuka jana kutoka kwenu Madaba. Nikiviloweka sasa hivi, kesho vitakuwa tayari."

Hapo alikosea kitu kimoja, kusema kutoka kwenu. Athanasi alimwambia avipeleke viazi jikoni, vinakostahili, na kwamba mkaguzi hajasafiri siku mbili kutoka Mtwara kuja kuonyeshwa futari. Mama Walburga akabeba debe lake. Mchana ule wanafunzi walikula viazi na maharage, wakafurahi sana.

Mkaguzi alikuwa Bwana Ramson, mtu mrefu, mpole, aliyewahi kufundisha Historia miaka kumi na mitano na sasa alifundisha wengine kuogopa faili lake. Alikuja kwa basi la Tunduru akiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Saa mbili asubuhi Alhamisi Athanasi alitumbukiza pipi mbili, moja kwenye maji matupu, nyingine kwenye maji ya chumvi, akavifunika visahani kwa kitambaa cheupe alichokiazima sakristia ya parokia. Kisha akaenda kumpokea mgeni, akaegemea mlango, koti likafanya kazi yake. Mgeni hawezi kukagua akiwa na njaa, kwa hiyo kukawa na chai, chapati, kuku, na baada ya kuku soda. Walipoingia darasani ilikuwa saa tano.

Wanafunzi walisimama, wakasalimu, wakaketi. Athanasi alieleza utando, alieleza maji mengi na maji machache, alieleza vizuri, maana hakuwa mjinga na hilo ndilo linaloudhi. Kisha akafunua kitambaa.

Kisahani cha kwanza kilikuwa na maji mekundu. Cha pili kilikuwa na maji mekundu. Pipi haikuwepo kokote, hata kipande cha kumdanganyia mtu mwenye macho mabovu.

Athanasi alivitazama visahani. Aliwaza kusema ukweli. Kwa haki lazima isemwe kwamba aliwaza. Ukweli ulikuwa mfupi na wala haukuwa na aibu kubwa: pipi hii imeyeyuka, wanangu, na kuyeyuka si osmosisi, njooni tuone tofauti. Lingekuwa somo zuri kuliko alilowahi kufundisha maishani. Lakini barua ilikuwa mfukoni, na mkono wa kulia ulikuwa umeshazoea. Ukapanda wenyewe.

"Imevimba," darasa likasema kwa Kiingereza, sauti moja, za chini na za juu zimepangika.

Mkono wa kushoto ukashuka.

"Imesinyaa."

Bwana Ramson aliinua kichwa kutoka kwenye faili. Akasogea mbele, akavaa miwani, akainamia kisahani cha kwanza kwa muda. Akauliza kwa upole, imevimba kiasi gani?

"Mheshimiwa," Athanasi alisema, "imevimba mpaka imejaa kisahani."

Mkaguzi alikitazama kisahani, na kweli kilikuwa kimejaa. Alikuwa mtu wa Historia, na mtu wa Historia amezoea kuamini mambo ambayo hakuyaona. Akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akaandika.

Msichana mmoja wa mbele, Frida Kapinga, akanyoosha kidole. Alikuwa binti wa wakulima, mpole, mwenye tabia mbaya ya kuangalia anachoambiwa aangalie. Alitaka kuwa muuguzi. Athanasi alijua kabisa Frida atauliza nini, maana na yeye angeuliza hilohilo. Akamwashiria kwa mkono wa kushoto ashushe kidole.

"Imesinyaa," darasa zima likaitikia.

Frida akashusha kidole. Baada ya kipindi alimfuata Mama Walburga jikoni, akamuuliza. Mama Walburga alichukua viazi viwili vilivyobaki, akavikata, akaviloweka kwenye sufuria mbili, akamwambia apite kesho aviminye. Frida alipita, akaviminya. Somo lote ni hilo, na halikuchukua hata dakika tano.

Taarifa ya mkaguzi ilisifu nidhamu, ilisifu zana za kisasa, na ilisifu kwa namna ya pekee jinsi wanafunzi wanavyojibu kwa umoja. Mwezi wa nane barua ya uthibitisho ikafika. Athanasi aliisoma mbele ya shule nzima mstarini. Kisha akaenda mlangoni na kitambaa kibichi, akaifuta KAIMU hadharani, kwa mkono wake, polepole, na wapo walioona machozi yakimlenga. Miaka minne si mchezo. Mtu akitaka kumcheka kwa machozi yale amcheke kwa mambo mengine.

Jumamosi Fundi Leo aliitwa tena. Athanasi akamwagiza aupake mlango wote rangi ya mafuta, juu hadi chini, hata zile mbao tupu za juu, na pale lilipokuwa neno la chaki aandike A. F. MBAWALA. Fundi Leo akauliza kama asiache nafasi kidogo, huwezi kujua. Athanasi akasema asiache hata ya kidole. Mlango ulipokauka ulikuwa uking'aa hivi kwamba ungeweza kujitazama humo ukinyoa ndevu.

Mwisho wa mwaka ukaja mtihani wa taifa. Mtihani wa vitendo wa Biolojia haujui semina ya Morogoro. Kila mtahiniwa aliwekewa vipande viwili vya kiazi, kimoja kimetoka kwenye maji matupu na kingine kwenye maji ya chumvi, bila kuambiwa kipi ni kipi. Alitakiwa avishike, aeleze tofauti, aseme kipi kilikuwa wapi na kwa nini. Mama Walburga ndiye aliyeviandaa, kwa maelekezo ya bahasha, na akasimama pembeni mikono nyuma kama sheria inavyotaka. Kipande cha kwanza kilikuwa cha chumvi, kimelegea.

Aliwaona wakiketi na kusoma swali, kisha wakichukua kalamu. Hakuna aliyekishika kiazi. Kwa nini wakishike? Ya kwanza imevimba, ya pili imesinyaa. Waliandika hivyo, meza baada ya meza, kwa Kiingereza kilekile, bila kosa hata la nukta. Ni Frida peke yake aliyenyoosha vidole viwili akaminya. Mama Walburga hakuruhusiwa kusema neno, wala hakusema. Alisema baadaye kwamba katika miaka yake ishirini hakuwahi kutamani kupiga kelele kama siku ile.

Matokeo yalitoka mwanzoni mwa mwaka uliofuata. Arobaini na mmoja walianguka Biolojia. Pamoja na matokeo ikaja barua: majibu ya watahiniwa yamefanana neno kwa neno, mkuu wa shule anatakiwa kueleza, kwa maandishi, na kwa jina lake. Athanasi aliitafuta mle ndani nafasi ya kupenyea. Haikuwepo. Hakuitwa kaimu mahali popote.

Asubuhi ile wazazi walianza kufika. Wa kwanza alikuwa Mzee Hironimus, mkulima wa tumbaku kutoka Namtumbo, ambaye kijana wake Remmy alikuwa na sauti nzuri kuliko wote kwenye ile kwaya ya sayansi. Athanasi alimwona kupitia dirishani akivuka kiwanja, kofia mkononi, hana haraka. Nyuma yake walikuwa wengine kumi au zaidi.

Athanasi alichukua kipande cha chaki mezani, akatoka, akasimama mbele ya mlango wake. Aliinua mkono juu ya jina lake akaanza K. Chaki ikateleza. Akakandamiza, ikachora mstari hafifu, mstari ukapukutika. Akajaribu upande, akajaribu katikati ya jina, akajaribu chini kabisa. Fundi Leo alikuwa ameifanya kazi vizuri, rangi ya mafuta haikushika hata herufi moja. Chaki ikakatika, na unga wake ukamwagikia viatuni.

"Shikamoo, mzee," Athanasi alisema, akageuka.

Mzee Hironimus aliitikia marahaba. Alikuwa mzee mstaarabu, hakupaza sauti. Aliusoma mlango pole pole, herufi kwa herufi, mpaka mwisho, kisha akamtazama Athanasi usoni.

"Nilimleta kwako akijua kuangalia," alisema. "Umemfundisha nini?"

Athanasi akainua mkono wa kulia. Labda alitaka kujifuta jasho. Nyuma ya wazazi, pale kwenye ukuta wa maabara, Remmy na wenzake walikuwa wamesimama wakiwangoja wazazi wao, na mkono ulipopanda waliuona. Hakuna aliyeitikia.